Kwa Wakulima wa Mteremko Mmoja

Ndugu zangu wa Dodoma, nyinyi wenye mizabibu ya Hombolo, Makutupora na Mpunguzi, nanyi mnaolima mahindi na mtama juu yake, nawaombeni tukutane kabla ya mvua za Desemba, kwa kuwa jambo ninalolileta halimo katika uwezo wa mtu mmoja, awe na bidii kiasi gani.

Wengi hudhani kwamba dawa ya magugu hufia pale pale ilipodondoka. Dhana hiyo haikosi ukweli kwa baadhi ya dawa, kwani glaifoseti, mathalani, ikikutana na udongo wa mfinyanzi hushikwa nao barabara isisogee mbali. Walakini aterazini, wanayoitumia wenye mahindi na mtama, haishikwi hivyo: huyeyuka katika maji ya mvua, hudumu ardhini majuma mengi na pengine miezi, na katika udongo wa kichanga uliopungukiwa na mboji hushuka pamoja na maji hadi ilipo mizizi, ama husombwa na mkondo hadi shamba la chini. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiendeleza idhini yake, kwa sababu ilikuwa ikionekana katika maji ya chini ya ardhi kupita kiasi kilichoruhusiwa.

Nasi twaipulizia wakati gani? Ni wakati ule ule wa mvua za mwanzo, ardhi ikiwa tupu na maji yakiteremka kwa kasi, ilhali mizabibu imo katika kubeba matunda ya mavuno ya mwanzoni mwa mwaka. Mzabibu ulioinyonya kwa mizizi huanza kuwa manjano kingoni mwa majani. Ulioguswa na 2,4-D, dawa nyingine ya magugu ambayo huweza pia kuchukuliwa na upepo, hukunja majani, mishipa ikasongamana. Yanihuzunisha kuona mwenye shamba akidhani ni ukungu, akatoa akiba yake kununua dawa isiyohusika kamwe na maradhi hayo, na jirani yake wa juu asijue lolote, kwani hakukusudia dhara.

Kadhalika samadi. Zipo dawa za malishoni, kama pikloramu, zipitazo tumboni mwa ng'ombe zisivunjike, zikatoka katika kinyesi zikiwa na nguvu ya kuudhuru mzabibu. Mwenye shaka na apande maharage katika kopo la udongo uliochanganywa na samadi hiyo, na katika kopo jingine la udongo anaouamini. Yakijikunja katika la kwanza pekee ndani ya majuma mawili au matatu, asiitie shambani.

Basi tuutake mkutano mkuu wa kijiji, na halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo: kila apuliziaye amwarifu kwanza aliye chini yake, na ataje jina la dawa, ukanda wa nyasi usiopuliziwa uachwe mpakani, makinga maji yafukuliwe kwa nguvu za pamoja, yakatize mteremko mzima pasipo kukoma kwenye mpaka wa mtu, mabomba yasioshwe visimani wala makorongoni, na dawa isipuliziwe mawingu ya mvua kubwa yakiwa yametanda. Wauzaji wa pembejeo waitwe, na bwana shamba awepo atusomee maandishi ya vibandiko kwa Kiswahili. Kila mmoja na aje na kibandiko cha dawa aliyoitumia msimu uliopita, wenye mahindi wakitangulia kusema, kisha wenye mizabibu.