Gari la kasi Tunduma: Bei nafuu inapomponza ndugu

KIJANA wa mjini anayeanza kupata kipato cha kueleweka hatamani gari tu, bali gari lenye jina. Toyota Altezza, Celica, Mark X na Subaru Impreza ni majina yanayotajwa vijiweni kwa mapenzi yale yale ambayo wengine huyaelekeza kwenye timu za soka. Kwa kuwa magari hayo yakiwa mapya hayashikiki kwa wengi, njia inayobaki ni kutafuta lililotumika. Hapo ndipo ndugu anayeishi Tunduma anapopigiwa simu na kuombwa amtazamie jamaa yake gari zuri lisilo ghali.

Ombi hilo lina sababu. Mji huo wa mkoani Songwe uko zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam na unapakana na Nakonde, upande wa Zambia. Barabara kuu ya TANZAM na Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, zote zinapita hapo. Oktoba 5, 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ili msafiri na mzigo vikaguliwe mara moja badala ya mara mbili.

Katika msururu wa malori yanayoelekea kusini yamo pia magari madogo yaliyotumika kutoka Japani, yaliyoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam kwa ajili ya wanunuzi wa Zambia na Kongo. Haya ndiyo yanayofahamika kwa jina la magari ya IT, kutokana na namba za muda yanazofungwa yanapokuwa safarini. Mkazi wa Tunduma huyaona kila siku na mara nyingine husikia bei yake. Akiilinganisha na bei ya gari kama hilo lenye namba za Tanzania, hushawishika kuamini kuwa amegundua siri ambayo watu wa Dar es Salaam hawaijui.

Kwa hakika hakuna siri yoyote. Tofauti ya bei hizo mbili, kwa sehemu kubwa, ni kodi. Gari la IT halijalipiwa ushuru wa Tanzania kwa sababu halikuletwa litumike Tanzania. Limepita nchini chini ya dhamana ya wakala wa forodha, ambaye wajibu wake ni kuthibitisha kwamba limetoka nje ya mpaka.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Chukua mfano wa gari la injini isiyozidi sentimeta za ujazo 2,000, lenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo thamani yake kwa forodha ni shilingi milioni 10. Kwa viwango ambavyo vimekuwa vikitumika katika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi milioni 2.5. Juu ya jumla hiyo ya milioni 12.5 huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, ambao ni shilingi 625,000, na ule wa uchakavu wa asilimia 30, ambao ni shilingi milioni 3.75. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inaongeza takriban shilingi milioni 3.04. Jumla inakaribia milioni 10, yaani kodi inalingana na thamani ya gari lenyewe, kabla ya tozo ndogo ndogo na gharama za usajili.

Magari ya kasi ndiyo yanayobanwa zaidi na hesabu hiyo. Altezza ilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, kwa hiyo hakuna hata moja inayoweza kukwepa ushuru wa uchakavu. Mark X, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2004, ina injini ya lita 2.5 na kuendelea, hivyo ushuru wake wa bidhaa hupanda hadi asilimia 10. Aidha, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) haikadirii kodi kwa kutazama risiti ya muuzaji pekee. Inayo orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, na imeweka kikokotoo katika tovuti yake ambacho mwananchi yeyote anaweza kukitumia kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwa hiyo, anayeuziwa gari la IT kwa nusu ya bei ya soko hajapunguziwa chochote. Ameuziwa gari pamoja na deni la Serikali. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu bidhaa isiyolipiwa ushuru kutaifishwa. Vilevile mtu anayekutwa nayo, huku akijua au akipaswa kujua kwamba haikulipiwa, anaweza kufungwa hadi miaka mitano, kutozwa faini ya nusu ya thamani ya bidhaa hiyo, au vyote viwili.

Maneno hayo ya "akipaswa kujua" ndiyo yanayomgusa ndugu msaidizi. Mtu aliyeishi mpakani miaka mingi, anayezifahamu namba za IT kama anavyoifahamu njia ya kwenda nyumbani kwake, atapata tabu kumshawishi hakimu kwamba hakujua. Wala kisingizio kwamba gari si lake hakitamsaidia sana iwapo yeye ndiye aliyelipokea, akalihifadhi uani kwake na kumtafutia jamaa yake dereva wa kulipeleka Mbeya. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Gari lenye namba za Zambia nalo lisichukuliwe kuwa njia ya mkato. Linaweza kuingia Tanzania kwa kibali cha muda na bima inayotambulika, lakini kibali cha kutembea si kibali cha kuuza. Siku kinapoisha, gari linapaswa kurudi lilikotoka au kulipiwa ushuru kamili.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuichora Tunduma kama soko la magendo. Mji huo una wafanyabiashara na watumishi wanaouza magari yaliyosajiliwa kihalali. Kwa magari ya aina hiyo, ndugu aliyepo mahali pale ni msaada mkubwa, kwa sababu anaweza kuligusa gari, kulisikiliza na kumfahamu muuzaji, jambo ambalo picha za simu haziwezi kulifanya.

Kazi yake ya kwanza iwe karatasi, si injini. Namba ya chasisi iliyochongwa kwenye bodi ilingane na ile ya kadi. Jina lililo kwenye kadi liwe la yule anayeuza, na kadi iwe halisi. Nakala iliyotolewa baada ya taarifa ya kupotelewa inahitaji maelezo, kwani kadi ya kwanza huenda imeshikiliwa mahali kama dhamana ya mkopo. Faini za barabarani zinaweza kuangaliwa katika mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kutumia namba ya gari, na uhalali wa bima katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Mkataba usainiwe mbele ya wakili, malipo yapitie benki, na umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa.

Baada ya hapo ndipo aitwe fundi, na awe fundi asiyejuana na muuzaji. Gari la kasi lina maradhi yake. Mengi yamepita mikononi mwa vijana walioyaendesha bila huruma, wakayashusha chini, wakabadilisha mfumo wa moshi na kuongeza nguvu ya injini. Turbo iliyochoka hujulikana kwa mlio na moshi wa bluu, na klachi iliyoungua hujulikana mlimani. Mazda RX-8, pamoja na uzuri wake, ina injini ya mzunguko inayokula oili na inayohitaji fundi aliyeizoea. Kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake. Iwapo karatasi ya mnada wa Japani ipo, itazamwe daraja lake, kwa kuwa herufi R humaanisha gari liliwahi kuharibika na kutengenezwa.

Liko pia suala la barabara yenyewe. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya kasi litaishi katika njia iliyojaa malori ya shaba, yenye matuta kila kijiji, kikomo cha kilometa 50 kwa saa penye makazi na askari wenye tochi. Ndugu mwenye busara atamuuliza jamaa yake swali hilo mapema, hata kama jibu halitambadilisha mawazo.

Katika jamii zetu, anayetumwa kununua hubeba dhamana isiyoandikwa popote. Gari likiharibika, lawama ni zake. Likikamatwa, fedha za jamaa zimepotea na undugu umetiwa doa. Ndiyo maana msaada wa kweli wakati mwingine ni kukataa. Ndugu anayesema "gari hili bei yake ni nzuri, lakini halijalipiwa ushuru, tuachane nalo" anaweza kuonekana mwoga au mwenye husuda. Lakini rahisi ni ghali, na lawama za juma moja ni nafuu kuliko kesi ya forodha.

Kwa upande wake, TRA ingefanya vema kuwafikishia wakazi wa mipakani elimu hiyo kwa lugha nyepesi, katika vijiwe na stendi ambako mauzo hayo hupangwa. Ukaguzi barabarani huligundua kosa wakati fedha zimekwishatoka, ilhali hesabu ya kodi ikifahamika mapema, mnunuzi atajikagua mwenyewe.