Mlangoni kwa Watu
Siku hizi nyumba mpya hupambwa mlangoni kama ukumbi wa harusi: kioo kipana, maua ya plastiki, taa ya kuning'inia, na chini yake viatu vya watoto vimezagaa. Mafundi wa kale wa Lamu walifanya kinyume. Nje waliweka daka, yaani kipenu cha mlangoni chenye mabaraza ya mawe, mgeni akapata pa kuketi; ukivuka mlango wa nakshi njia hukata kona, jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani uani. Sahani za Kichina zilipangwa kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, ndani kabisa. Asiye na daka aweke angalau benchi la mninga, mama mkwe asivue viatu akirukaruka kwa mguu mmoja.