Kwa nini tunanunua sumu ng'ambo ilhali dawa imo mashambani mwetu?

MKULIMA wa nyanya anayeingia katika duka la pembejeo mjini Karatina, Wang'uru au Kitale hukaribishwa na rafu zilizosheheni chupa na pakiti za kila rangi. Nyingi kati ya dawa hizo ni kemikali zilizoundwa viwandani ng'ambo. Akiulizia dawa iliyotokana na mmea, aghalabu muuzaji humtazama kama mtu aliyepotea njia.

Ni ajabu iliyoje! Kwa miongo kadhaa Kenya ndiyo iliyoulisha ulimwengu dawa mashuhuri zaidi ya kuua wadudu inayotokana na mmea. Nayo si nyingine bali pareto.

Ua hili jeupe, ambalo asili yake ni pwani ya Dalmatia huko Ulaya, liliingizwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1920. Lilipenda baridi ya Molo, Nyandarua na Kisii kiasi kwamba kufikia mapema miaka ya 1990, zaidi ya asilimia 70 ya pareto iliyouzwa duniani ilitoka humu nchini. Ada za shule zililipwa kwa maua yaliyochumwa kwa mkono, yakaanikwa juani na kubebwa kwa magunia hadi kwa vyama vya ushirika.

Sumu ya pareto, iitwayo pairethrini, hukaa hasa katika vijibegu vilivyo ndani ya ua. Humvuruga mdudu mishipa ya fahamu na kumwangusha kwa muda mfupi, kisha huvunjikavunjika upesi inapopigwa na jua. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo baraka yake na ndiyo balaa yake. Ni baraka kwa mlaji, kwani mabaki hayadumu kwenye mboga. Ni balaa kwa mkulima, kwani humlazimu kunyunyiza tena na tena.

Wanasayansi wa Uingereza walilitambua hilo mapema. Mnamo 1973 kundi lililoongozwa na Michael Elliott katika kituo cha Rothamsted lilitangaza kemikali iliyoiga umbo la pairethrini lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Huo ukawa mwanzo wa ukoo mzima wa pairethroidi zinazostahimili jua, ambazo leo zimejaa katika maduka yetu ya pembejeo na hata katika vyandarua vya kuzuia mbu. Kwa maneno mengine, tunauza ua ng'ambo na kununua mwigo wake.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuwalaumu wanakemia kwa kuanguka kwa pareto. Jeraha kubwa tulijitia wenyewe. Kufikia miaka ya 2000, wakulima walikuwa wakisubiri malipo ya maua waliyoyapeleka kwa bodi ya pareto ya serikali kwa miezi, wengine kwa miaka. Waliochoka waling'oa mimea na kupanda viazi na mahindi. Jimbo la Tasmania nchini Australia, ambako maua huvunwa kwa mashine, lilichukua nafasi yetu bila kupiga kelele. Sheria ya Mazao ya 2013 ilifungulia kampuni za kibinafsi milango, lakini imani ya mkulima haifufuliwi kwa kifungu cha sheria.

Wakati huohuo gharama ya kutegemea kemikali imezidi kuonekana. Mwaka wa 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharagwe machanga na njegere kutoka Kenya, baada ya mabaki ya daimethoeti kupatikana kupita kiwango kinachoruhusiwa. Wakulima wadogo ndio walioumia zaidi, kwani wanunuzi waliwakimbia wasioweza kuthibitisha walichonyunyiza. Mnamo 2019 Bi Gladys Boss Shollei, wakati huo Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, aliwasilisha ombi bungeni la kutaka dawa hatari zipigwe marufuku. Ilichukua hadi 2025 kwa serikali kuondoa sokoni bidhaa 77 na kuziwekea nyingine 202 vikwazo.

Swali ambalo halikujibiwa ni je, mkulima aliyenyang'anywa chupa yake amepewa nini badala yake?

Wapo watakaosema mwarobaini, na hawajakosea. Mti huu umetapakaa kote Pwani, na mbegu zake zina azadiraktini kwa wingi kuliko majani. Maelekezo ya kawaida ni kutwanga mbegu zilizokauka, kuloweka takriban gramu 50 katika kila lita ya maji usiku kucha, kuchuja, kutia sabuni kidogo na kunyunyiza jioni jua linapotua. Tatizo ni kwamba mwarobaini haumwangushi mdudu papo hapo. Humtia kinyaa cha kula na kumzuia kujibadua gozi, akafa polepole. Mkulima aliyezoea kuona viwavi wakianguka kabla hajafika mwisho wa shamba huamka kesho yake, akawakuta wangali hai, akahitimisha kwamba amelaghaiwa. Afisa wa kilimo angemweleza subira hiyo, lakini maafisa hao ni wachache mno mashinani, na nafasi yao imetwaliwa na muuza dawa.

Aidha, tuache dhana kwamba kila kinachotoka kwenye mmea hakina madhara. Utupa, ambao wazee walitumia kuulia samaki mitoni, una rotenoni. Mkulima anayesafisha bomba lake kijitoni baada ya kunyunyiza utupa atawaua samaki vilevile kama babu yake, tofauti ikiwa yeye hakukusudia. Nikotini ya tumbaku nayo inaweza kumdhuru vibaya anayeichemsha jikoni. Ndiyo maana sikubaliani na wanaharakati wanaotaka kila mtu ajitengenezee dawa sufuriani. Dawa ya mmea nayo yahitaji kupimwa, kuandikishwa na kutiwa kibandiko chenye maelezo, ila masharti na ada za kuiandikisha zisilingane na za kampuni kubwa za kemikali, la sivyo wajasiriamali wetu wadogo hawatathubutu.

Isitoshe, si lazima mmea upondwe ndipo ufae. Watafiti wa ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted iyo hiyo, walivumbua mbinu ya sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili harufu yake imfukuze nondo wa viwavi, nayo nyasi ya nepia huzunguka shamba ili kumvuta akatage huko. Desmodiamu hukandamiza pia kidusia cha striga, na ng'ombe hupata lishe. Hapo hakuna chupa ya kuuza, na labda ndiyo sababu hakuna anayeinadi redioni kila asubuhi.

Lakini kwa zao la biashara, pareto ndiyo yenye viwanda, historia na soko. Kaunti kadhaa, Nakuru ikiwemo, zimekuwa zikigawa miche. Mche huo huchukua takriban miezi minne kutoa maua ya kwanza. Mzee aliyeng'oa pareto yake kwa hasira na sasa anaombwa airudishe shambani hahitaji kufunzwa kuipanda. Anachouliza ni nani atakayemlipa, na lini.