Gome la Mti Si Vazi Tu



Juma hili napenda tuutazame mti, hasa ule ambao mtu ameupitia na panga akauvua gome kulizunguka shina lote. Mmoja hufanya hivyo kwa ajili ya dawa. Mwingine hukata pete ili mti ukauke taratibu na kumwachia nafasi ya kulima. Wote wawili husema, “Mimi sikuukata.” Kwa maoni yangu maneno hayo si ya kweli, na sababu yake imo ndani ya mti wenyewe.

Mti una njia mbili za usafirishaji. Ya kwanza imo katika mbao: ni mirija myembamba ya seli zilizokwisha kufa, ambayo wanafunzi wetu wa sekondari huiita zailemu. Humo hupanda maji na chumvichumvi za udongo. Kwa sehemu kubwa maji hayo hayasukumwi kutoka chini, bali huvutwa kutoka juu. Jua linapoyakausha kwenye vitundu vidogo vya majani, chembe zinazoondoka huzivuta zinazofuata, kwa kuwa chembe za maji hushikamana kama uzi usiokatika. Njia ya pili, floemu, imo upande wa ndani wa gome, nayo ni hai. Hiyo huibeba sukari iliyotengenezwa na majani. Sukari ikijaa katika mirija ya jani, maji huifuata, shinikizo hupanda, na utomvu husukumwa kuelekea panapohitajika chakula: mizizi, chipukizi, ua au tunda. Wakulima wa pamba mmeyaona haya bila kuambiwa jina lake. Vidukari wanaofyonza mipamba huchoma mdomo kwenye njia hiyo hiyo, na ule utamu wanaoudondosha ndio unaofanya majani na nyuzi za pamba zinate.

Sasa tazama pete ile ya panga. Njia ya maji haikuguswa, kwa hiyo mti hubaki na majani mabichi kwa majuma, pengine kwa miezi mingi. Hapo ndipo mtu hudanganyika. Lakini chini ya pete mizizi haipati tena chakula kutoka juu. Inakula akiba yake ya wanga mpaka imalizike, kisha inakufa kwa njaa, na ikishakufa hakuna wa kuchota maji. Majani nayo hukauka. Tabibu wa Italia, Marcello Malpighi, ambaye mwaka 1691 aliitwa Roma kuwa mganga wa Papa Innocent XII, alikuwa amekwisha kukata pete za namna hiyo katika karne ile ya 17, akaona gome likivimba juu ya pete kwa chakula kilichokosa njia ya kushuka. Jambo hili, basi, si geni duniani.

Kwetu Usukumani lina uzito wa pekee. Tangu miaka ya 1920 mapori mengi yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba yakaendelea kuyala. Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga (Simiyu ilizaliwa mwaka 2012), ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliofufua desturi ya ngitili. Sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikutoka kwenye vitalu. Ilichipua kutoka visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini, ikila akiba yake. Ndiyo maana nathubutu kusema, ingawa wengine watashangaa, kwamba anayehitaji kuni ni afadhali alikate shina na kukiacha kisiki kuliko kuuvika mti pete. Kisiki bado kina akiba ya kuchipua. Mizizi iliyokwisha kufa njaa haina.

Siwalaumu wanaotafuta dawa, maana wengi wetu tumelelewa nazo. Lakini gome laweza kuchukuliwa kwenye tawi, au kwa ukanda mwembamba wa wima upande mmoja wa shina, huku sehemu kubwa ya mzunguko ikiachwa salama. Asije mtu akanitajia mbuyu, ambao huvuliwa gome na kuliotesha upya. Huo una kipaji chake, na mgunga si mbuyu.

Ombi langu ni kwa wazee wa dagashida na kamati za vijiji zinazosimamia ngitili. Sheria zenu ndogo zinapomtaja anayekata mti, zimtaje pia anayeuvua gome kwa kuuzunguka, na faini iwe ile ile.