Mgonjwa Mmoja, Namba Tatu

Nimechoshwa na asilimia. Karibu kila makala iliyofika mezani kwa ajili ya toleo hili inaanza na malengo ya 95-95-95, na sababu inajulikana: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022–2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaojua kuwa wana VVU, karibu 98 katika kila 100 wako kwenye dawa, na kati ya kila 100 walio kwenye dawa virusi vimefubaa kwa 94. Nchi iliyoanza kugawa ARV Oktoba 2004, enzi za stavudini iliyowala watu mashavu, ina haki ya kujisifu. Lakini hiyo ni hesabu ya waliokutwa nyumbani msimu wa utafiti. Tiba hii ni ya maisha, na mimi ninachotaka kujua ni kingine: aliyeanza dawa Bariadi mwaka 2010, leo yuko wapi?

Rejesta haijui. Na haijui kwa sababu tumeiunda ili isijue.

Simiyu, ilipo Bariadi hiyo, si mkoa wa watu waliotulia. Mfugaji wa Meatu akikosa malisho huelekea Tabora au Katavi, na koo nzima za Kisukuma zimekwishajenga Mpimbwe na bonde la Kilombero. Kijana wa Itilima yuko machimboni Geita, mwenzake Lamadi anavua dagaa. Msimu wa pamba ukifunguliwa, hata asiyehama hana siku ya kukaa kwenye benchi la kliniki. Huyu mtu akipitisha tarehe yake na simu yake haipatikani, kliniki yake ya tiba na matunzo (CTC) humwandika kuwa amepotea. Miezi kadhaa baadaye anajitokeza Mpimbwe, Katavi. Barua ya uhamisho hana, na anajua asiye na barua hukaripiwa kwanza, akasikilizwa baadaye. Basi anasema hajawahi kupima. Anapimwa, anapewa faili, anaanza moja. Simiyu imepoteza mteja, Katavi imempata mpya, na taarifa mbili za robo mwaka zimedanganya bila mtu yeyote kusema uongo isipokuwa mgonjwa, ambaye alikuwa na sababu.

Tazama namba ya CTC yenyewe. Inaanza na msimbo wa mkoa, ukafuata wa wilaya, ukafuata wa kituo, ndipo inakuja ya mtu. Namba hiyo ni ya jengo. Laini ya simu iliyosajiliwa Bariadi inatoa pesa Mpanda bila barua ya mtu yeyote. Kadi ya dawa haiwezi. Nimeandika haya huko nyuma na nitaendelea mpaka Dodoma wanichoke: mpeni mgonjwa namba moja ya afya, aende nayo.

Wapo watakaosema siri itavuja. Hoja hiyo naiheshimu kuliko wanavyodhani. Namba moja ya afya si lazima iwe namba ya NIDA, na mfumo wa sasa haulindi siri. Unamlazimisha mtu ailinde mwenyewe kwa kujifanya mpya. Daktari naye anampangia dawa upya bila kujua ametumia dawa zipi, wala kama zilishagoma.

Nao waliopotea si kundi moja. Utafiti uliochapishwa 2010 kutoka kliniki ya Mbarara, Uganda, uliwafuatilia baadhi yao hadi vijijini: karibu theluthi moja ya waliopatikana habari zao walikuwa wamefariki, na wengi wa waliohojiwa walikuwa wakitibiwa kwingine. Kifo na uhamisho, safu moja ya rejesta. Nani atapanga bajeti kwa safu hiyo?

Washington iliposimamisha fedha za misaada Januari 2025, wengi tulilia vidonge. Fedha hizo zililipa pia makarani wa takwimu na wahudumu wanaopanda bodaboda kumtafuta aliyekosa kliniki. Mchangiaji wetu kutoka Maswa anaamini halmashauri zitawaajiri. Namtakia heri.

Makala ya posho inarudi kwenye jaribio la Shinyanga, majirani zetu, ambako wagonjwa wenye njaa waliopewa pesa au chakula kwa miezi isiyozidi sita walishika dawa vizuri zaidi kuliko waliopewa ushauri wa lishe pekee. Mabishano ya mwandishi wake na mhakiki yamechapishwa yote. Kuhusu kumpa mgonjwa dawa za miezi sita kwa mara moja kuna kurasa mbili nzuri. Wafugaji wa Meatu hawahitaji kushawishiwa.

Isomwe pia makala ya wazee wa CTC, walioanza dawa wakiwa na miaka 40 na sasa wana presha na kisukari. ARV wanapewa bure dirisha hili, vidonge vya presha wananunua dirisha la pili, na asiye na hela huchukua vya kwanza akaenda zake. Ilistahili kurasa kumi. Imepata nne, kwa kuwa nyingine nimezichukua mimi.