Huruma Peke Yake Haitoshi: Msikiti na Taaluma ya Ustawi wa Jamii



Mazoea ya misikiti yetu mingi yanafahamika. Imamu akishatoa salamu siku ya Ijumaa, husimama mtu katika safu ya nyuma, au huletwa kikaratasi kutoka upande wa akina mama: mjane amefukuzwa nyumba ya kupanga, mtoto anahitaji upasuaji, mgeni amekwama mjini hana nauli. Kitambaa hutandikwa mlangoni, fedha huhesabiwa, na mwenye shida huondoka nazo akituombea dua. Hilo ni jambo jema, na anayelidharau hajui thamani ya sadaka. Swali langu ni hili: Ijumaa inayofuata, nani miongoni mwetu huenda kumtazama mjane yule? Nani anajua kwa nini alifukuzwa, anadaiwa na nani, na ndugu wa marehemu mumewe wameifanya nini mirathi ya watoto?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika madrasa ninayofundisha, alikuwapo mtoto wa kiume wa umri wa miaka tisa hivi, yatima, akilelewa na baba yake mdogo. Siku moja alipokunja mikono ya kanzu ili atawadhe niliona alama za fimbo, nyingine mbichi na nyingine zilizokwisha kupona. Sikumuuliza mtoto neno. Nilimwita baba yake mdogo baada ya swala ya Ishaa, nikamkalisha mbele ya imamu na wazee wawili, nikamsomea aya na hadithi zinazohusu haki za yatima, na sauti yangu ikapanda. Mtu yule alilia, akaahidi, nasi tukarudi majumbani mwetu tukiwa tumeridhika kwamba tumekataza munkari.

Baada ya wiki tatu mtoto aliondolewa madrasa, akapelekwa shamba kwa jamaa wa mbali. Sijamwona tena. Baadaye ndipo jirani aliponieleza kwamba aliyekuwa akimpiga siye baba mdogo, ambaye kazi yake ya kuendesha lori humweka safarini siku nyingi, bali ni kijana mkubwa wa mle nyumbani. Kwa hiyo nilimfedhehesha asiyehusika, nikamwacha mhusika salama, na aliyelipa gharama ni mtoto.

Nilipomsimulia kisa hiki afisa mmoja wa ustawi wa jamii, hakunilaumu. Aliuliza maswali tu. Je, ulizungumza na mtoto akiwa peke yake, mahali asipohofu kusikilizwa? Ulijua ni watu wangapi wanaishi katika nyumba ile, na nani hubaki na mtoto mchana? Uliandika mahali popote tarehe uliyoona alama, na zilikuwa sehemu gani za mwili? Kabla ya kumwita mlezi, ulifikiri mtoto atalala wapi usiku ule ikiwa mlezi atakasirika? Majibu yangu yote yalikuwa hapana. Mimi niliyesoma fiqhi ya hadhana, yaani malezi, kwa Kiarabu kwa miaka mingi, na ninayeweza kutaja khilafu za madhehebu juu ya umri wa mtoto kukabidhiwa kwa baba, sikujua namna ya kumuuliza mtoto aliyepigwa swali la kwanza.

Hapo ndipo nilipofahamu maana ya kusema kwamba ustawi wa jamii ni taaluma. Kila Muislamu ameamrishwa ihsani, kama kila mzazi anavyojua kumkanda mtoto mwenye homa. Lakini kukanda siyo utabibu. Mwenye taaluma hii hufundishwa kusikiliza, kuchunguza hali ya nyumba, kupima hatari, kuweka jalada na kulitunzia siri, kujua sheria inasema nini na ofisi ipi inahusika, kisha kurudi na kurudi tena mpaka mtu asimame kwa miguu yake.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yametoka Magharibi. Ni kweli kwamba sura yake ya kisasa ilijengwa huko. Mwaka 1869 watu wa sadaka wa mjini London waliunda chama cha kuratibu misaada, baada ya kuona kwamba fedha zinatolewa kwa wingi bila mpango na umaskini haupungui. Mwaka 1889 Jane Addams na mwenzake walifungua nyumba yao, Hull House, katika mtaa wa wahamiaji maskini mjini Chicago, wakaishi humo humo. Walianzia pale tulipo sisi leo: wenye huruma waliogundua kwamba huruma haijitoshelezi.

Lakini nchi za Waislamu hazikungoja kushawishiwa. Chuo cha kwanza cha fani hii nchini Misri kilifunguliwa Alexandria mwaka 1936, na cha Cairo kikafuata mwaka 1937, kisha serikali ikaanzisha wizara ya mambo ya jamii mwaka 1939. Waarabu wanaiita al-khidma al-ijtimaaiyya, na Chuo Kikuu cha Helwan kina kitivo kizima chake. Nilipokuwa nikisoma Misri niliishi chumba kimoja na mwanafunzi wa kitivo hicho. Nakiri kwamba tulimtania: sisi tunasoma usulul-fiqhi, yeye anasomea kutembelea watu! Leo naona aliyestahili kutaniwa ni nani.

Ukitaka asili ya jambo hili katika mwendo wa salafu, rejea kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (RA) na mtoto aliyekuwa akilia. Ulikuja msafara wa wafanyabiashara Madina, na Umar pamoja na Abdurrahman bin Auf wakaulinda usiku. Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama akamhimiza amtulize. Akarudi mara ya pili, na mara ya tatu, hadi akauliza sababu. Mama, asiyejua anazungumza na nani, akamweleza kwamba anamwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa. Inasimuliwa kwamba Umar aliswalisha Alfajiri watu wasiweze kufahamu kisomo chake kwa kilio, kisha akaamuru itangazwe kwamba kila mtoto azaliwaye katika Uislamu ana posho yake.

Tumezoea kukisimulia kisa hiki kwa ajili ya machozi ya Umar. Mimi naomba tutazame kazi aliyoifanya. Mara mbili za mwanzo alitoa mawaidha, na mawaidha hayakumnyamazisha mtoto. Mara ya tatu aliuliza, akasikiliza, akagundua kwamba utaratibu uliowekwa kwa nia njema ndio unaowadhuru watoto. Wala hakuishia kumpa mama yule dirhamu chache. Aliibadilisha kanuni kwa ajili ya watoto wote. Tena jambo hilo liliwezekana kwa sababu palikuwapo diwani, daftari lenye majina na stahiki za watu. Misikiti mingapi leo ina daftari la wajane wake?

Hapa Tanzania msingi umewekwa zamani. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa afisa ustawi wa jamii nafasi kubwa: ndiye anayechunguza hali ya mtoto na kuiandikia mahakama taarifa. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 95, inamwajibisha mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Yaani nilipoziona zile alama, nilikuwa na wajibu wa kisheria ambao sikuujua. Ipo pia namba ya simu 116 ya kutolea taarifa za watoto, nayo hailipiwi. Nimeuliza walimu wenzangu wa madrasa kadhaa. Wengi hawakuwa wamepata kuisikia.

Nchi yetu inabadilika kwa kasi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na vijana wanamiminika mijini. Zamani mama aliyefiwa alikuwa na shangazi, mjomba na wazee wa ukoo katika kijiji kimoja. Leo amepanga chumba katika mtaa ambao hata mwenye nyumba hajui jina la baba yake. Kazi iliyokuwa ikifanywa na ukoo imebaki bila mwenyewe. Halmashauri ina maafisa wake, lakini afisa mmoja mwenye kata kadhaa mikononi hawezi kufika kila mlango.

Suala la mayatima linahitaji maneno ya ziada, kwa kuwa ndipo sadaka zetu nyingi zinapokwenda. Tunapenda kujenga vituo, kwa sababu jengo huonekana na mfadhili hupiga picha mbele yake. Lakini yatima katika sharia ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mara nyingi mama yake yu hai. Mtoto huyo akiletwa kituoni, swali la mjuzi wa taaluma litakuwa: je, fedha za kitanda hiki na chakula hiki zisingeweza kumwezesha mama kumlea nyumbani kwake? Kwa kulikosa swali hilo huenda tunamfanya awe yatima wa pande zote mbili.

Aidha, sheria ya Tanzania Bara inajua kuasili mtoto na malezi ya kambo, na sisi tunajua kutokana na Suratul-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, kwamba haijuzu kumnasibisha mtoto na asiye baba yake, ilhali kafala imehimizwa mno. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20, na ndugu zetu wa Kenya wameiingiza katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Nani atakwenda kuyazungumza haya na wizara kwa lugha ya taaluma na ya sheria? Siyo mimi. Anatakiwa mtu aliyesoma huku na kule.

Hali ni hiyo hiyo katika suluhu za ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, na Waislamu tunayo mabaraza yetu. Suratun-Nisaa, aya ya 35, imetaja waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Nimehudhuria vikao ambavyo mke alikaa mbele ya wanaume saba wasio jamaa zake, akaulizwa mambo ya chumbani, kisha akaambiwa avumilie. Yaliyosemwa mle yalikuwa sokoni kabla ya Magharibi. Tunafundisha kumsitiri Muislamu, na majalada ya mabaraza yetu yamo katika mifuko ya rambo. Binti aliyesomea ustawi wa jamii, akamsikiliza mwanamke huyo kwanza faraghani, angeokoa mengi.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni la mshahara. Watu husema: kazi ya Allah haina malipo, na atakayelipwa atapoteza ikhlasi. Ajabu ni kwamba tunamlipa fundi wa vipaza sauti. Allah (SW) amezitaja aina nane za wanaostahiki zaka katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na ya tatu ni wale wanaozitumikia. Mafakihi wamesema mtumishi huyo hupewa ujira wa kazi yake hata akiwa tajiri. Sharia, basi, haikuiacha kazi ya kuwatafuta na kuwafikia wahitaji iwe ya anayepata nafasi jioni akishafunga duka. Ama kama ada ya mwanafunzi wa fani hii yafaa kutoka katika zaka, hilo lina khilafu na silifungui hapa. Sadaka za kawaida zinatosha kwa kuanzia.

Sidai kwamba kila msikiti uajiri. Misikiti mitano au sita ya kata moja inaweza kushirikiana kumsomesha kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike, kwa sharti la kurudi kuitumikia kata hiyo kwa miaka maalumu, na wakati wakisoma, walimu wa madrasa waombe mafunzo mafupi kwa afisa wa halmashauri. Nimekwenda ofisini kwake bila barua wala mjumbe. Alinipokea vizuri, akashangaa tu kwamba hakuna mtu wa msikitini aliyewahi kuingia pale ila kuomba mchango.

Pendekezo hili nimelifikisha kwenye kamati ya msikiti wetu. Jibu lilikuwa kwamba kwanza tumalize vigae vya ukumbi. Sikubishana, kwa kuwa vigae vimekwisha kununuliwa, lakini niliomba jambo moja lisilo na gharama: daftari la wajane na mayatima wa mtaa, litakalotunzwa na watu wawili tu, mmoja wao mwanamke, na kufungiwa kabatini. Hilo limekubaliwa. Mwanamke wa kulitunza amepatikana. Ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Kikao kijacho nitalirudisha suala la ada, inshaallah, na safari hii nitakwenda na fomu za kujiunga na chuo mkononi.