Namba Nne Haimwinui Mzee Kitini

Wengi wetu tunaye nyumbani mzee aliyepigwa kiharusi. Akienda kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwambia, "Sukuma mkono wangu kwa mguu," kisha anaandika namba. Basi, familia inaambiwa anaendelea vizuri. Mimi nasema namba hiyo haitoshi.

Kipimo hicho cha 0 hadi 5 kilitoka hapa hapa Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya majeraha ya neva. Namba 3 maana yake mgonjwa ananyanyua uzito wa mguu wenyewe. 4, anahimili kusukumwa kiasi. 5, nguvu kamili. Tatizo ni hiyo 4. Ndani yake yumo anayeshindwa kuinuka kitini bila kushikwa, na yumo anayepanda ngazi. Halafu, ni mkono wa nani unaopima? Mtu afanye mazoezi miezi mitatu, nguvu ziongezeke kweli, lakini faili bado linasema 4. Atakata tamaa aache, na hapo ndipo hasara ilipo.

Mashine kubwa za maabara zinapima vizuri, lakini jamani, hospitali ngapi za wilaya kwetu zitazinunua? Fizikia yenyewe ni ya sekondari: nguvu mara umbali kutoka goti. Mgonjwa akae ukingoni mwa kitanda kizito, goti digrii 90. Mkanda uzunguke juu kidogo ya kifundo, ufungwe nyuma kwenye mguu wa kitanda kupitia mizani ya ndoano. Ajaribu kunyoosha goti kwa sekunde 5, bila kubana pumzi. Mizani ikisoma kilo 10, na mkanda uko sentimita 35 kutoka goti, hiyo ni takriban niutoni-mita 34. Mwezi ujao ikisoma 13, mzee anajionea mwenyewe.

Wapo watakaosema mizani ya sokoni si kifaa cha tiba. Sawa, ndiyo maana ihakikiwe kwanza kwa mawe ya uzito, na mtaalamu awepo apime presha kabla. Tena nguvu peke yake si kutembea. Tuhesabu pia sekunde za kuinuka kitini mara 5.

Wenzangu wa uhandisi mnaohangaika kutafuta mada ya mradi wa mwisho, roboti zipo nyingi. Tengenezeni mkanda na mizani ambayo nesi wa wilayani ataiamini.